Zimwi Langu Halitishi Mtu

Mpendwa Mama Wacera,

Naomba unisaidie na tafadhali usinicheke, maana najua wengine wanakuandikia juu ya waume na mashamba na mimi nakuja na mambo ya mchezo. Mimi ni mwalimu wa nasari hapa Yamumbi, na kila Jumamosi mchana ndugu yangu mdogo Byron na marafiki zetu Kigen na Nanyama huja kwangu tunacheza gemu ya mezani, ile ya kusimulia hadithi, wao ni mashujaa, mimi ndiye msimulizi na pia ndiye maadui wote, na watu wakipigana tunarusha dadu ndiyo iamue nani ameumia. Shida ni kwamba maadui wangu hawatishi hata kidogo. Nilileta Chemosit, lile zimwi la mguu mmoja ambalo nyanya yake Kigen alikuwa akimtishia nalo akiwa mtoto, nikafunga mapazia, nikaunguruma mpaka koo likauma, na Kigen akaniuliza, “Sasa huyu tumpatie chai ama maziwa ya mursik?” Wakacheka mpaka Nanyama akamwaga soda.

Lakini Mama, acha niseme ukweli wote. Mimi hurusha dadu nyuma ya kitabu wasione, na zimwi likimlenga Byron nasema limekosa, hata kama limepata. Byron ana ugonjwa wa damu, selimundu, tangu utotoni, nimekesha naye wodini, nimemsikia akilia kwa maumivu ya mifupa, na mkono wangu unakataa tu kumuumiza, hata kwa mchezo. Siku moja akakiondoa kile kitabu, akaona dadu inasema amepigwa. Hakupiga kelele. Akasema, “Sista, hata hapa mimi ni mgonjwa?” Akachukua jaketi akarudi Kesses anakosoma, na tangu hapo haji, nikimpigia simu anasema yuko sawa, basi. Naogopa nimempoteza ndugu yangu. Nifanye nini maadui watishe, na yeye arudi?

Ni mimi Amondi.

Amondi wangu,

Nisamehe, nimecheka. Ni hiyo chai ya Chemosit! Halafu nikafika pale pa Byron nikatafuta kitambaa cha machozi.

Gemu yenu siijui, lakini woga naujua. Wacha kuumiza koo lako bure, kuunguruma hakutishi mtu mzima. Mtu huogopa kitu kinachoweza kumnyang'anya anachopenda, na hao watu wako hawajawahi kupoteza hata kuku. Zimwi linalokosa kila Jumamosi ni mgeni, na mgeni si hupewa chai? Kigen hana makosa.

Kwa hivyo wape kwanza kitu cha kupenda: kijiji kinachowapikia, punda mkaidi mwenye jina. Halafu zimwi lisionekane haraka. Wafike wakute jiko bado lina moto, sufuria imepinduliwa, wakibisha hodi hakuna anayeitika. Lijue majina yao. Liwe na jambo linalolitaka, na ukilifikiria uone lina haki kidogo. Likishinda, lishinde, waachie njia ya kukimbia, lakini punda asirudi.

Sasa njoo hapa nikugombeze. Ulimwibia ndugu yako! Huyo kijana kila mtu anamshika kama yai, mama yenu, daktari, mpaka wewe, na mezani kwako ndipo alikuwa mtu mwenye upanga kama wengine. Kumbe hata ushindi wake ni wewe uliyekuwa unampatia. Najua ni upendo, mwanangu, hakuna anayebisha. Lakini unachoogopa si zimwi, ni ile siku simu itakuja kutoka hospitali, na hiyo wewe huwezi kuizuia kwa kudanganya mezani. Pole sana. Ningekuwa karibu ningekushika mkono.

Nenda Kesses. Usitume ujumbe, nenda mwenyewe, na usibebe uji wala dawa, utaharibu. Mwambie, “Nilikuibia, nisamehe,” kisha unyamaze akugombeze mpaka achoke. Jumamosi dadu irushwe katikati ya meza, kila mtu aone.

Na shujaa wake akifa, afe. Lia ukitaka. Byron atakuwa ameketi hapo hapo mbele yako, mzima, akikuuliza mnaanza upya lini.

Mama Wacera