Injini Iliyowaka Kabla ya Rangi

Garissa, Jumamosi asubuhi

Joto limeamka kabla yangu. Saa mbili haijafika na tayari bati la jikoni linalia kwa kutanuka. Nimeketi barazani na kikombe cha shaahi, chai yetu ya maziwa, kilichopoa, nikijaribu kuandika kwa utaratibu jambo ambalo ningependelea kulisahau.

Nitaliandika moja kwa moja. Jana nilimdanganya baba yangu mbele ya watu, na nilifanya hivyo kwa sababu ya wivu.

Wivu huo una jina. Unaitwa Zakariya, na ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Zakariya aliacha shule akiwa kidato cha pili, akaingia gereji. Mimi nina shahada ya uhandisi wa mitambo, iliyotiwa fremu na kutundikwa sebuleni kando ya saa ya nyakati za swala. Wageni huisoma wakisubiri chai. Wakishamaliza chai, hutoka nje kwenda kutazama gari la Zakariya.

Gari lenyewe ni Landrova kuukuu iliyokuja kutoka Griftu juu ya lori la mbuzi, ikiwa na kinyesi cha kuku kwenye viti. Ameikata paa. Anataka kuishusha hadi ikaribie kugusa mchanga, aache magurudumu ya mbele wazi, na injini ionekane bila boneti, gari la mbio na maringo ambalo mji huu haujawahi kuliona. Ili kuifumua injini na kuiunda upya kwa pistoni na beringi mpya, alimuuza ngamia jike aliyerithi kwa babu. Hana ngamia wa pili.

Alinipa heshima ya kuniomba ushauri, nami nikamwandalia Mpango wa Ujenzi wenye kurasa kumi na mbili na jedwali la hatua. Hatua ya mwisho kabisa, baada ya bodi, nyaya na rangi, ilikuwa kuwasha injini kwa mara ya kwanza.

Aliupekua, akakuna kichwa.

"Abaayo, dada yangu, hii yote iko poa. Lakini kuwasha, nitawasha kwanza."

"Kabla ya bodi?"

"Kabla ya kitu yoyote. Kama injini iko na shida, nataka nione shida ikiwa uchi. Nikishapaka rangi, nitaanza kuogopa gari yangu mwenyewe."

Nilimweleza kwamba injini mpya ikiwashwa mapema kisha ikaachwa miezi kadhaa, huingia kutu ndani.

"Basi nitakuwa naiwasha kila Ijumaa," akasema. "Kama kuoga."

Hooyo, mama yetu, alicheka hadi akashikilia mlango. Mimi sikucheka.

Hoja yangu ya kutu ilikuwa ya kweli. Haikuwa sababu yangu. Nilitaka injini iwake siku ambayo gari limekamilika na linang'aa, majirani wamealikwa, na mimi nimesimama mbele nikieleza jinsi kila hatua ilivyofuata jedwali. Nilikuwa nimekwisha kuitunga hotuba. Zakariya akiwasha chuma kitupu katikati ya ua, hakuna atakayehitaji hotuba.

Jana, baada ya swala ya Ijumaa, ua wetu ulijaa watu. Hakualika mtu, habari za injini hazihitaji kadi. Chasisi ilikuwa imesimama juu ya magurudumu yake bila bodi, kreti ya soda ndiyo kiti cha dereva. Jerikeni ya petroli ilifungwa juu kwenye nguzo ya tangi la maji ili mafuta yashuke yenyewe. Betri iliazimwa kutoka lori la jirani.

Aabo, baba yetu, aliletewa kiti karibu kabisa. Aliendesha malori kati ya Garissa na Mandera tangu kabla sijazaliwa hadi goti lilipomkatalia, na bado anaweza kutambua gari kwa mlio kabla halijapinda kona. Aliniita nisimame kando yake. Nilijivuna kidogo.

Hapo ndipo nilipoona.

Injini iliyoundwa upya ni kavu ndani. Kabla ya kuiwasha, hufunguliwa plagi na kuzungushwa taratibu, bila cheche, hadi oili ipande na mshale wa geji uinuke. Ukiiwasha ikiwa kavu, beringi mpya zinaweza kukwaruzika kabla hujamaliza kushangilia. Plagi zote nne zilikuwa zimefungwa mahali pake. Mshale wa oili ulikuwa umelala kwenye sifuri. Zakariya alikuwa akikaza waya wa betri, na sikuwa nimemwona akiizungusha injini hata mara moja.

Aabo akageuza shingo. "Injinia. Wewe ndiyo umesoma hii kitu. Iko tayari?"

Watu wote wakanigeukia.

"Iko tayari, Aabo."

Sikukosea wala sikusahau. Katika muda wa kuvuta pumzi moja niliona mbele yangu injini ikisaga na kunyamaza, watu wakitawanyika huku wakimpa pole, na Hooyo akisema: si dada yake alimwambia asubiri? Nililiona pia zizi lisilo na ngamia. Hata hivyo nikasema iko tayari.

Zakariya akainua kichwa. Akaniangalia.

"Bado," akasema.

Akachukua spana, akaanza kufungua plagi, moja baada ya nyingine, akizipanga kwenye kitambaa. Kisha akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelowa oili hadi maandishi yanaonekana upande wa pili. Niliyatambua maandishi hayo kabla hajaikunjua.

"Ukurasa ya nne," akasema kwa sauti, kama mwalimu. "'Injini izungushwe bila plagi mpaka mshale wa oili upande.' Si wewe uliandika? Ama hii mpango ulinunua kwa mtandao?"

Ua mzima ulicheka. Nami nilicheka, kwa mdomo tu.

Mpango ambao niliamini ameutupa, alikuwa akiubeba kifuani. Hatua zote hadi hapo alikuwa amezifuata. Alichobadilisha ni mahali pa hatua moja.

Akachomeka hendeli ya kuzungushia injini pale mbele, akafuta mpini kwa shati lake, akaninyooshea. "Shika, Injinia. Wewe kwanza. Sema Bismillah."

Nikasema, nikazungusha. Ilikuwa nzito, na ndani kulisikika kama kitu kikimeza. Baada yangu kila mtu alitaka zamu: majirani, mwenye betri, hata Hooyo, aliyejifunga vizuri shash, kitambaa chake cha kichwa, na kusema, "Nipe. Mimi nimevuta maji ya kisima kabla nyinyi hamjazaliwa." Alizungusha mara nyingi kuliko wanaume wawili waliomtangulia, na akawaambia hivyo.

Aabo ndiye aliyelinda geji. "Imeamka!" akapiga kelele. "Mshale imeamka!"

Plagi zikarudishwa. Zakariya akaketi juu ya kreti, akagusanisha nyaya. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili ilipiga chafya, moshi ukamfukuza jogoo hadi juu ya ukuta. Mara ya tatu ikawaka.

Sitaueleza mlio huo. Nitasema tu kwamba Aabo aliweka kiganja juu ya chasisi, akafumba macho, na uso wake ukawa mahali fulani kwenye barabara ya Wajir. Shahada yangu haijawahi kumfanyia hivyo.

Dakika chache baadaye Zakariya aliizima. Kati ya injini na giaboksi oili ilikuwa ikidondoka mchangani, tone kwa tone: sili ya nyuma, ile pete ya mpira inayozuia oili, ilikuwa ikivuja. Alijitupa chini ya chasisi na shati lake la Ijumaa, akaanza kucheka.

"Nimeiona! Injinia, njoo uone, iko uchi kabisa!"

Nikainama nikaona. Kwa jedwali langu, tungeliona tone hilo juu ya gari lililokamilika, kisha tungeng'oa kiti, sakafu na rangi mpya ili tulifikie. Leo asubuhi linahitaji watu wawili na spana. Alikuwa sahihi, na hata kwa usahihi huo nilimwonea wivu. Hata uvujaji wake una bahati.

Lakini kinachonitafuna ni yale macho. Nilipomjibu Aabo, Zakariya aliniangalia mimi kwanza, ndipo akaziangalia plagi. Labda alikuwa akikwepa jua. Labda alidhani nimesahau ukurasa wangu mwenyewe.

Labda hakudhani hivyo.

Asubuhi hii nimeuchukua Mpango kutoka kwake na kuusahihisha. Kuwasha injini kumetoka mwisho, kumewekwa mara tu injini inapofungwa kwenye chasisi, na chini ya jina langu nimeandika lake. Hiyo ilikuwa kazi rahisi. Ni wino tu. Kazi nyingine haina mstari kwenye jedwali.

Nasikia nati zikigongwa tangu swala ya alfajiri. Sasa hivi ameita, bila kutoa kichwa chini ya gari: "Injinia! Unaandika vitabu? Lete ukurasa ya tano!"

Nakwenda. Ukurasa wa tano ninao mkononi, na kabla sijampa nitamwambia kuhusu yale maneno matatu niliyomjibu Aabo, na kwa nini nilimjibu hivyo. Kisha tutashusha giaboksi, tutabadilisha sili, na Ijumaa ijayo injini itazungushwa tena kwa mkono kabla ya kuwashwa.

Akishajua, je, atanipa tena hendeli mimi kwanza?