Chemba Ilikuwa Tupu Mpaka Bunduki Ilipoanguka

Mpendwa Shangazi Ernestina,

Nakuomba msaada, ila nakuonya mapema kwamba sikuandikii ili unifundishe kupiga magoti. Naitwa Ombati, nina miaka thelathini na minne, naishi Jeffersontown hapa Louisville, kazi yangu ni kupima mashine kabla hazijatoka kiwandani, na Jumapili ijayo natakiwa nisimame mbele ya kanisa zima nimwombe radhi Mzee Mutuku, mwenyekiti wa wazee wetu wa kanisa, na mimi sitaki, na nikikataa nitavuliwa ushemasi, na mke wangu Janet anasema hatajua atawatazamaje watu usoni.

Ngoja nianzie mwanzo. Mzee Mutuku ndiye aliyenipokea airport mwaka wa 2006 nilipokuja kusoma, nikiwa na begi moja na koti la mvua katikati ya Januari, akavua jaketi lake akanivika, nikalala kwenye basement yake miezi saba, mkewe akinipikia, na hata siku ya harusi yangu yeye ndiye aliyekaa upande wa baba. Kwa hiyo uelewe kwamba huyu si mtu wa kubishana naye. Sisi Wakenya wa hapa tuna sheria ambayo haijaandikwa popote: aliyekupokea airport humkosoi mbele ya watu, hata kama wewe ni daktari na yeye anaendesha lori.

Basi mwaka jana, baada ya zile habari za watu kupigwa risasi makanisani kwenye televisheni, wazee waliamua kanisa liwe na bunduki moja, ikae kwenye kabati la stoo, wakaitaka ile fupi ya begani inayotumia risasi za bastola, za milimita tisa, kwa sababu ni rahisi kulenga kuliko bastola na haimtesi mtu bega kama bunduki kubwa. Sikupinga. Wakasema, Ombati ni mhandisi, atuchunguzie. Nami nikaishika kazi hiyo kama mtihani wa mwisho wa chuo, nikakodi tatu za aina tofauti kwenye uwanja wa shabaha, nikazipiga, nikaomba zifunguliwe, nikapima uzito wa vipande, nikaandika ripoti ya kurasa tisa kwa Kiingereza, na michoro juu.

Naomba univumilie kidogo hapa kwa sababu ugomvi wote umo ndani ya hizi bunduki. Kila moja ina kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya risasi, kinaitwa bolti, na tofauti yao ni namna bolti hiyo inavyozuiwa isirudi nyuma mapema risasi inapolipuka. Ya kwanza haina kufuli lolote, bolti ni nzito na nyuma yake kuna springi, basi, uzito ndio unaoshika, kama mlango ulioegemezwa gunia la mahindi. Ni rahisi kutengeneza, vipande ni vichache, hailalamiki ukiilisha risasi za bei rahisi, ila inapiga teke kuliko unavyotarajia kwa risasi ndogo kama ile, maana kuna chuma kizito kinachokimbia mbele na nyuma. Ya pili ina vigurudumu viwili vidogo vinavyojibana ubavuni na kuichelewesha bolti mpaka nguvu ipungue, kwa hiyo bolti yenyewe inaweza kuwa nyepesi, na begani ni laini, Shangazi, niliipenda, lakini bei yake inauma na si kila fundi atakubali kuigusa. Ya tatu inajifunga kwa meno, komeo kwelikweli, na gesi ya baruti inayopenya kutoka kwenye mtutu ndiyo inayokuja kulifungua. Nayo ni laini, ila ina vipande vingi na inachafuka ndani upesi.

Sasa, hiyo ya kwanza ina tabia moja. Ukiiweka na magazini, lile kasha la risasi, imejaa, huku chemba, pale risasi ya kupigwa inapokaa, ikiwa tupu, kisha ikaanguka kwa kitako, ule uzito wa bolti unaweza kuruka nyuma wenyewe, ukarudi mbele, ukaingiza risasi ndani ya chemba. Hakuna aliyeigusa, na sasa ina risasi. Zile mbili nyingine siapi kwamba haziwezi kabisa, mimi si mtu wa kuapa, lakini ni vigumu zaidi, kwa sababu kuna kitu kinachoshika.

Hilo nililijua. Nililiandika pia, ukurasa wa saba, mstari mmoja. Lakini nilikuwa nimeshasikia kwamba Mzee Mutuku ameipenda ile ya kwanza, ameishika dukani na kuwaambia wenzake, "Simple is best, my friend, hii haina vitu vya kuharibika," na sikutaka aonekane hajui, kwa hiyo kwenye ukurasa wa tisa, ambao ndio pekee uliosomwa, niliandika kwamba zote tatu zinafaa. Wakanunua ile ya kwanza. Ikawekwa stoo, magazini ndani, chemba tupu, wazee wakasema huo ndio usalama.

Wiki tatu zilizopita baada ya ibada, Mama Zita, Mkongo wa Kivu anayefundisha watoto wa Sunday school, aliingia stoo kuchukua viti. Kabati lilikuwa limeachwa wazi, kiti kikagonga mlango wake, bunduki ikateleza na kuanguka kwa kitako kwenye sementi. Alitoka mbio. "Bon, ile kitu yenu imeanguka," akasema. "Miye sikuishika. Nimesikia imelia mu ndani yake, kla-kla." Tulikuwa watu kama kumi na watano ukumbini tunakunywa chai. Mzee Mutuku akaenda akaileta mwenyewe, akacheka, akasema, "Mama, don't worry, chemba iko empty, angalia," na akafanya anavyofanya kila akitaka kumtoa mtu wasiwasi: akapeleka kidole kwenye traiga ili aivute isikike inalia tupu, na mtutu ulikuwa umeelekea meza ya chai.

Nilimrukia, Shangazi. Nilimnyang'anya ile bunduki kwa nguvu mpaka akayumba akaketi kwenye kiti bila kupenda, chai ikamwagika kwenye suruali yake, na nikamfokea "Wacha!" kama mtu anavyomfokea mtoto aliyeshika kisu. Nikavuta bolti. Risasi ikaruka kutoka kwenye chemba ikaanguka kwenye kapeti, na wote waliiona.

Unafikiri nilishukuriwa? Mzee aliinuka, akajifuta suruali, akasema kwa upole, na ule upole ndio ulionichoma, "Shukrani ya punda ni mateke. Wewe ndiye uliiweka hiyo risasi, Ombati, ndio uonekane unajua kuliko wazee." Wenzake wakaamini, kwa sababu mimi ndiye mwenye ufunguo wa pili wa kabati, na kwa sababu ripoti yangu mwenyewe inasema zote tatu zinafaa, ukurasa wa tisa wananisomea kama Maandiko. Mzee akaniambia nirudishe kila kitu kama kilivyokuwa, nikarudisha, nikafunga, nikaenda nyumbani, na tangu siku hiyo hatusalimiani.

Janet ananiambia, "Si useme tu sorry, babe, ni maneno, iishe." Dada yake yuko Buffalo, Lower West Side, amempigia simu akisema huko kazi zipo, tuhame. Mimi sihami na sorry sisemi. Sikukosea, niliokoa mtu. Ninachotaka kwako ni unifundishe namna ya kukataa bila kuitwa mtovu wa adabu, na kama utaniambia nina wazimu, niambie, ila magoti sipigi.

Ombati
Jeffersontown

* * *

Ombati mwanangu,

Barua yako imenifikia hapa Columbus Jumanne. Hukuweka namba ya simu. Ungeiweka ningekupigia papo hapo, nisingengoja gazeti litoke Ijumaa, na sasa nimemwomba mhariri aliweke jibu hili kwenye mtandao leo leo nikitumaini utaliona. Habari ya msamaha tutafika. Kwanza nijibu: ile bunduki iko wapi wakati huu unaponisoma?

Umeniambia mwenyewe, umelipitisha neno haraka haraka katikati ya hasira zako. Ulirudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Maana yake magazini imo, imejaa, na bunduki imesimama kwenye stoo ileile Mama Zita anakochukua viti. Umeona kwa macho yako risasi ikitoka mahali ambapo haikuwekwa na mtu, ukaichukua ukaifungia palepale kwa sababu mzee amesema. Wiki tatu. Jumapili tatu watoto wameimba upande wa pili wa ukuta, na wewe ulikuwa unahesabu nani hajakusalimia. Una ufunguo. Acha kusoma, nenda sasa hivi ukatoe hiyo magazini, uhakikishe chemba ni tupu, risasi zikae kwingine kabisa, kisha uwaandikie wazee wote ujumbe kwamba umefanya hivyo na kwa nini. Ukimaliza ndipo uendelee kusoma.

Umerudi? Sasa nikupe haki yako. Ulipomnyang'anya ulifanya sawa, na ukinyang'anya tena utakuwa umefanya sawa. Mtutu ukielekea watu wanaokunywa chai, mwenye kidole kwenye traiga hana umri wala cheo wala jaketi alilomvika mtu Januari. Hata angekuwa baba yangu mzazi ningemrukia, na mimi magoti yangu hayanisikilizi. Kwa hilo usiombe radhi, si Jumapili hii, si Jumapili yoyote. Huyo mzee naye asilie kwamba ameaibishwa. Mkubwa ni jalala, na chai kwenye suruali ni taka ndogo sana kwa mtu aliyekaribia kuua.

Lakini umeniambia hukukosea, na hapo nakukatalia. Nimesoma habari za bunduki zako tatu, na mume wangu Cosmas, ambaye ni fundi wa foklifti, amenieleza pale niliponasa. Kazi uliifanya vizuri. Ulijua ipi inashikwa na nini, ipi ni gunia la mahindi na ipi ina komeo, ukapima, ukachora. Kisha ukafika ukurasa wa tisa ukadanganya. Usiniambie ulikuwa unamstahi. Kumstahi mzee ni kwenda nyumbani kwake, kula ugali wake, na kumwambia, "Mzee, hii uliyoipenda ikianguka inajilisha risasi yenyewe." Wewe ulimwachia aende akajiaibishe mbele ya watu kumi na watano, akiamini maneno yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenu kilibaki kidole kimoja tu.

Jambo jingine. Umemwandika Mama Zita, akasema alichokisikia, halafu umemwacha hapo mlangoni na viti vyake. Ndiye shahidi wako, na pengine ndiye pekee. Alisikia bolti ikilia mara mbili, kwenda na kurudi, kabla wewe hujaigusa hiyo bunduki. Kuna aliyemuuliza? Au kwa kuwa ni Mkongo, hana kiti kwenye kamati ya wazee, na hakuna aliyempokea airport kwa jina la kanisa lenu, basi masikio yake hayahesabiwi? Wewe unayelalamika kwamba hukusikilizwa, nawe hukumsikiliza.

Kwa Janet nina pole, kwa sababu mke ndiye anayebeba sura za watu sokoni na kwenye harusi. Ila mwambie kwamba Buffalo hakutawasaidia. Huko nako kuna mzee aliyempokea mwenzake kwenye theluji, kuna kamati, na kuna ripoti zitakazohitaji ukurasa wa tisa, na utauandika vilevile kama hutajifunza hapa.

Basi fanya hivi. Jumamosi asubuhi mwombe fundi wa uwanja wa shabaha aiangushe hiyo bunduki kwa kitako mbele ya wazee, na risasi za mazoezi zisizo na baruti, mara nyingi kadiri watakavyotaka. Aifanye yeye, si wewe, ili pasiwepo wa kusema umeficha kitu mkononi. Kabla ya hapo, Ijumaa jioni, nenda na Janet kwa Mzee Mutuku, bila shemasi mwingine. Usiende kubishana. Mwambie unakumbuka miezi saba, na usiseme kwa kinywa tu, maana najua unakumbuka. Mwambie pia utakachosema Jumapili, neno kwa neno, asije akakisikia mara ya kwanza mbele ya watu. Akikufukuza, umeshafika. Akikwambia unyamaze, mjibu kwamba ulishanyamaza mara moja na ndipo tulipofika.

Jumapili usimame. Ndiyo, usimame, na uombe msamaha, lakini uwaombe wanaostahili. Mgeukie Mama Zita na wale waliokuwa wakinywa chai, useme: "Nilijua bunduki hii ikianguka inaweza kujijaza risasi. Nikaandika kwamba inafaa, kwa sababu niliogopa kumuudhi mtu ninayempenda. Nisameheni kwa hilo. Kwa kumnyang'anya siombi radhi."

Kisha uketi. Wakitaka kukuvua ushemasi kwa maneno hayo waache wakuvue, na watu wote wa meza ile ya chai watakuwa hai kukutazama ukivuliwa.

Shangazi Ernestina
Columbus