Siku Tuliyogonga Ardhi ya Kabiro

Jumapili, jioni. Joto bado liko. Mikono inaniuma kutoka kiganja hadi kwapa na siwezi kutulia hata nikilazimishwa.

Leo nimegonga ardhi na ardhi ikajibu.

Wacha nianze vizuri. Auntie Atieno, dadake mama, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, Kawangware na anaishi huko huko Kabiro, kwa nyumba ya mabati iliyopakana na ploti ya landlord wake, Mzee Njuguna. Mzee anataka kujenga flati ya ghorofa tano hapo. Ukuta wa nyuma utakuwa hatua tatu kutoka kitanda cha auntie. Wiki jana akasikia inginia wa mzee anatafuta mtu wa mkono wa kupima naye ardhi, akanitaja. Mimi nimefulia watu nguo, nimebeba mchanga wa mjengo, lakini kupima ardhi sijawahi.

Inginia Mueni ni mwanamke mdogo wa mwili na hana mchezo. Alinionyesha kazi mara moja tu. Unatandaza kebo ndefu kwa ploti. Unachomeka vifaa vidogo vyenye msumari, ishirini na vinne, kila kimoja kinasikiliza. Unaweka bamba la chuma chini, unaligonga na nyundo kubwa. Mtikisiko unapita ardhini, vile vifaa vinaudaka, na kompyuta inachora umefika baada ya muda gani. Kwa mwamba unakimbia kama mtu aliye kwa lami. Kwa udongo wa kujazwa unajikokota kama mtu aliye kwa matope. Kwa hivyo unajua kilicho chini bila kuchimba. Akaniambia ndivyo wanavyotafuta mwamba kabla ya kujenga daraja, na hata mahali pa kuchimba kisima. Na mimi miaka yote nilidhani ardhi ni ardhi.

Sasa nikiri kitu.

Inginia alichagua Jumapili kwa sababu welding na posho mill za kusaga unga zimefungwa, pawe kimya. Lakini upande wa pili wa ploti kuna kanisa la mabati. Nilijua saa nne sifa zinaanza, na najua vile sisi walokole tunaruka hadi chini inatikisika. Nikanyamaza. Niliogopa akiahirisha siku atachukua mtu mwingine.

Saa nne kamili kompyuta ikajaa mikwaruzo. Inginia akaniangalia. "Ulijua?" Nikasema ndiyo. Aibu niliyosikia, wacha tu.

Nikaenda kwa pasta mwenyewe, na vumbi langu, katikati ya ibada, nikamnong'onezea shida yetu. Nilidhani atanifukuza. Akachukua maiki: "Wapendwa, kuna binti hapa nje anataka kusikia ardhi. Shemasi akiinua mkono pale mlangoni, tusimame tuli." Kanisa zima likasimama tuli, hata watoto. Nikagonga. Wakaimba kidogo, mkono ukainuka, wakanyamaza, nikagonga tena. Machozi yalinilenga na sikujali nani ananiona.

Mistari ikatoka safi. Upande wa barabara, mtikisiko ulifika haraka. Kona ya nyuma, ulichelewa. Inginia akauliza kama nilikandamiza vifaa vizuri. Safari hii sikuficha, nikamwambia sina uhakika. Nikavichomoa vyote vya ile kona, nikachomeka upya, nikavikanyaga kwa kisigino. Bado ulichelewa. Na hiyo kona ndiyo iko kwa ukuta wa auntie.

Mzee Njuguna akaja kutoka kanisani kwao, na suti. Akaangalia kompyuta, akasema bila wasiwasi: "Hapo? Hapo baba yangu alikuwa akitoa mawe. Lile shimo lilijazwa takataka nikiwa darasa la tatu. Limeshikana kitambo."

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Inginia akamweleza kwamba nguzo za nyuma zitazama polepole na flati itainama. Mzee akatikisa kichwa. Amezaliwa hapo, kompyuta haiwezi kumfunza shamba la babake. Na mimi kichwani naona kitanda cha auntie tu. Maneno yakanitoka: "Mzee, si ugonge wewe mwenyewe."

Akavua koti. Akagonga mbele, mtikisiko ukafika haraka. Akagonga nyuma, ukachelewa. Akarudia mara tatu, akihema, na kila mara ulichelewa. Akabaki ameshika nyundo, akiangalia mabati ya auntie.

"Sogeza flati mbele," akamwambia Inginia. "Hiyo kona ibaki wazi."

Auntie nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. "Kwa hivyo nimelala kando ya jalala miaka yote hii?" Kisha akanishika mkono na hakuuachilia haraka. Inginia naye amenipa kazi nyingine Jumamosi. Ameniambia neno moja tu: nikijua kitu, niseme.

Nimerudi nyumbani Gatwekera kwa miguu, nafurahi mpaka najishangaa. Lakini huku kwetu mtu akichimba choo hutoa mifuko na matambara kabla aone udongo, na kuna landlord ameanza kujenga ghorofa hapo mteremkoni, juu ya mlango wetu. Hajapima. Nikijua kitu niseme, sivyo?

Mama anasonga ugali hapa mbele yangu. Hii sakafu anayokanyaga imekaa juu ya nini?