Kiondo cha Cucu Nilichokifumua

Glasgow, Jumapili

Wanjiru mdogo wangu,

Uko poa? Na Mama, goti limempa nafasi ama bado anashuka shambani akinung'unika? Mahindi yameota? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Navaa soksi mbili mbili na bado vidole vinakataa kushika penseli.

Kazi iko. Siku za wiki nachora vitabu vya watoto, kuku waliovaa kofia na sungura wanaoenda shule. Jumamosi ndiyo ya mambo yangu mwenyewe: nachora vyombo vya kwetu, nashona picha kwa uzi, nafurahi. Na hapo kwa mambo yangu ndipo nilipokukosea. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwa simu ningecheka nikatoroka.

Juzi uliniuliza kiondo cha Cucu kiko wapi, kwa kuwa Tata, dadake Mama, yuko tayari kumalizia kukisuka kabla ya ruracio yako, wageni wakileta mahari. Nikasema kiko salama. Nilikudanganya.

Unakumbuka ulivyonipa. Cucu, nyanya yetu mzaa Mama, alikiacha nusu akafa, na wewe ndiye uliyepewa jina lake, kwa hivyo hakuna aliyeuliza ni cha nani. Ulikifunga kwa leso ukaniletea toka Thika mpaka kwa nyumba yangu ya Mwiki. "Wiki moja tu, Nyambura," ukasema. "Na usikipeleke Githurai kuonyesha marafiki zako." Nikaapa.

Nilikichora nje, nikakichora ndani. Halafu nikataka kujua kinaanzaje. Nikafumua mstari mmoja nikauchora, nikafumua wa pili. Nilijiambia nikiwa na mchoro wa kila hatua, nitakirudisha vile kilivyokuwa. Ngai, ujinga wa mtu wa penseli! Uzi ule Cucu aliusokota mwenyewe pajani. Ulipotoka mahali pake ulilegea, ukafura, ukakataa kurudi. Nilijaribu siku nne. Kilichobaki ni kitako tu, hakizidi sahani ya chai.

Michoro nilikuja nayo huku. Watu waliipenda, ikatundikwa kwa maktaba ya mtaa. Mama mmoja akauliza kiondo chenyewe kiko wapi, nikasema kiko nyumbani kwa dadangu. Yaani hata mgeni nilimdanganya. Na wacha niseme ukweli wote: nilikuonea wivu. Mimi nilipewa jina la mama yake Baba, ambaye sikuwahi hata kumwona. Wewe ukapewa Cucu, na kiondo juu yake. Nilitaka na mimi nibaki na kitu chake.

Kwa kifurushi hiki kuna kitako na nyuzi zote, nimezifunga kwa mafungu. Mpelekee Tata, labda mikono yake inajua nisichojua. Akishindwa, utasimama mbele ya wageni bila kiondo cha Cucu, na kosa ni langu. Usinifunike kwa Mama. Najuta, Wanjiru, najuta sana.

Msalimie Mama kabla hujamwonyesha. Msalimie Tata, na mjomba wetu aliyehamia Membley akasahau njia ya kurudi. Huyo kijana wako mwambie shemeji yake anamsalimu, hata kama kwa sasa hana uso wa kumwangalia.

Kuna moja limebaki, nimelisukuma mpaka mwisho kwa woga. Kwa mstari wa tatu nilikuta unywele mweupe, umesokotwa pamoja na uzi. Wa Cucu. Nikauweka kwa karatasi nikauchora pole pole, na huo ndio mchoro wangu mzuri kuliko yote. Nilipomaliza nikapuliza makombo ya raba, vile mimi hufanya kila siku bila kufikiri, nao ukaenda. Nilitambaa sakafu nzima nikiutafuta. Sikuuona tena.

Ni mimi dadako,
Nyambura