Pahali ya Miguu Yangu

Baba Nasifah,

Ukimaliza kuoga, bundu yako ya muhogo iko kwa meza, nimefunika. Usiache mulango wazi, mbuzi ya jirani itaingia. Mimi naenda soko ya Bwera na pikipiki ya mutu mwingine.

Ulisema nikungojee nje, utanipeleka. Nikapanda yetu, nikatafuta pahali ya kukanyaga, muguu ikaning'inia hewani. Kumbe umefungua vyuma zote mbili za abiria, na vioo pia, halafu umesahau! Evas wa jirani akacheka mpaka akakaa chini.

Najua, pikipiki ya mashindano haibebi mutu wa pili. Siku za mazoezi kule uwanjani ulikuwa unashindana na saa tu. Jumapili utashindana na watu, mara ya kwanza. Lakini ungeniambia. Miaka tisa nimekaa hapo nyuma, tangu ulinitoa nayo kwetu Kyondo nikiwa bibi arusi. Ukikimbiza sana nakugusa bega, unapunguza. Jumapili nani atakugusa?

Leo nitashika chuma ya kiti njia yote mpaka Bwera. Nimezoea mugongo yako.

~~Usiende.~~ Nenda. Helmeti nimepanguza, iko kwa kitanda.

Zile vyuma mbili usitafute kwa boksi ya spana. Nimezitia kwa kikapu yangu, natembea nazo. Jumapili jioni nitakuwa kwa mulango, nimezishika. Ukuje muzima, unifungie.

Mama Nasifah