Rimoti ya Machibya

Jumatatu, 2 Juni 2025
Wifi Rose amekuja kutoka Buzuruga na kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta – kinapokea mwanga wa rimoti. Kaka yake akibonyeza kitufe, kompyuta itamsemea. Tangu kiharusi Machibya hasemi, na amebakiwa na mkono wa kushoto tu. Masikio yapo, akili ipo. Bahati mbaya yake.

Kazi nimepewa mimi, kwa kuwa nafundisha kompyuta. Mke wake, tena fundi. Nani angefaa zaidi?

Jumanne, 3 Juni
Kidude kimegoma. Nikaitazama rimoti ya king'amuzi kwa kamera ya simu – ile taa yake isiyoonekana kwa macho inawaka. Basi rimoti nzima. Kumbe kompyuta ina vipokezi viwili! Kimoja kimo kwenye kadi ya zamani ya tivii, kilishakufa, na programu ilikuwa inakisikiliza hicho. Nikaielekeza kwenye kipya. Sasa kila kitufe kinatoa namba yake. Namba hii: maji. Hii: choo. Hii: ndiyo. Hii: hapana. Maneno nimeyarekodi mwenyewe, kwa hiyo mume wangu anaongea kwa sauti yangu. Nimefurahi kupita kiasi.

Alhamisi, 5 Juni
Maji. Choo. Maji. Maji. Kutwa! Zamani aligonga kikombe kwa kijiko nije. Leo ananiita kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jioni nimebadilisha. Namba ya maji sasa inasema: Nimeshiba, asante mke wangu. Ya choo pia. Alibonyeza, akasikia, akanitazama. Akabonyeza tena. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Maji nilimpa nilipomaliza kula.

Jumapili, 8 Juni
Rose kapita baada ya ibada. Kamuuliza kaka yake kama anakula. Nimeshiba, asante mke wangu. Rose hakutabasamu. Anasema midomo ya kaka imekauka. Jumamosi atakuja na Mzee Ngosha wa kanisani, wamuulize mbele ya watu kama anataka kuhamia kwake. Akisema ndiyo, anaondoka naye siku hiyo hiyo.

Haendi. Mwaka ule nilipotaka kurudi kwetu Ukerewe, wazee walikaa sebuleni hapa hapa, Mzee Ngosha akiwemo. Waliniuliza mimi. Akajibu Machibya: Evelina haendi popote, ana hasira tu. Wazee wakanywa chai, wakaaga. Mkuki kwa nguruwe, bwana.

Ijumaa, 13 Juni
Lile neno ndiyo nimelifuta. Vitufe vyote viwili sasa vinasema hapana. Nilimpa ajaribu. Kimoja, halafu kingine. Kisha akaiweka rimoti kifuani, akafumba macho. Machozi yaliteremka mpaka sikioni. Sikuyapangusa.

Jumamosi, 14 Juni
Wapo sebuleni. Naandika chumbani, haraka – nimewaambia natafuta betri.

Ilianza vizuri. Shikamoo, marahaba, chai. Mzee Ngosha akauliza: Machibya, unataka kwenda kwa dada yako? Akabonyeza kwa nguvu. Hapana. Mzee akachukua kofia yake, akasema mwenye mji kaamua. Nilisikia raha, sitajidanganya humu.

Rose akasema, "Subiri kidogo, mzee." Akapiga magoti karibu na kitanda tulichomwekea kaka yake hapo sebuleni.

"Kaka, wewe ni Machibya?"

Hapana.

"Mimi ni Rose, dada yako?"

Hapana.

Nikasema betri zimekwisha nguvu. Mzee alikuwa ameirudisha kofia mezani.

Rose hamuulizi kitu tena. Machibya anabonyeza mwenyewe tu, bila kuulizwa. Naisikia sauti yangu huko sebuleni. Hapana. Hapana. Hapana. Na Mzee Ngosha ananiita kwa jina –