Kiraka cha Nane

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: anajulikana na wote kama Fundi Msasa
Umri: miaka 63
Kazi: fundi wa baiskeli
Makazi: nyumba iliyo nyuma ya mashine ya kusaga
Yameandikwa: Jumanne, tarehe 14 Februari, kuanzia saa 5:10 asubuhi
Kuhusu: baiskeli moja inayodaiwa na watu wawili

Mimi ni fundi wa baiskeli, mwaka huu natimiza miaka thelathini na minane kazini. Kibanda changu kiko njia panda, na kazi yangu kubwa ni kuziba pancha. Afande amenionya nisiseme uongo na nisizunguke. La kwanza nimelikubali. La pili nitajitahidi.

Mnamo tarehe 14 Februari, saa 2:40 asubuhi, mjane wa rafiki yangu alinifuata kibandani. Mimi namwita shemeji, naye ananiita hivyo hivyo. Alikuwa anahema, kasha la mikate kichwani. Akasema, "Shemeji, baiskeli imeonekana! Iko polisi. Lakini kuna bwana anasema ni yake." Nilifunga kibanda na gurudumu la mteja nikaliacha likining'inia.

Baiskeli hiyo iliibwa tarehe 9 Januari nje ya zahanati, wakati shemeji ameshusha kasha ili apeleke mikate ndani. Marehemu mumewe alikuwa msambaza mikate. Tulimwita Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikanyaga pedeli kwa haraka. Alipofariki, miezi saba iliyopita, shemeji aliirithi baiskeli na kazi yake. Tangu iibwe anasambaza kwa miguu, na mikate inafika watu wameshakunywa chai na kuondoka. Mwenye tanuri amempa mpaka Jumamosi hii. Asipopata usafiri, njia yake anapewa mtu mwingine, na ana watoto watatu nyumbani. Hilo ndilo lililonileta hapa. Sikuja kupiga soga.

Nilifika kituoni saa 3:20. Nilimkuta bwana mmoja, mpaka rangi wa nyumba, anayesema baiskeli ni yake kwa miaka kumi. Ilikuwa imepakwa rangi ya bluu ambayo bado inanuka. Siti imebadilishwa, kengele haipo, na namba ya fremu imesuguliwa ikaisha. Shemeji hana risiti. Ililiwa na mchwa pamoja na cheti cha ndoa, na Taratibu alikuwa akisema basi sasa yeye ni kijana tena, atafutiwe mchumba. Afande alisema kama hakuna uthibitisho, atamrudishia aliyekutwa nayo.

Nikasema, "Afande, huyu bwana amebadilisha kila kinachoonekana. Mimi nitakwambia kilichomo ndani ya tairi la nyuma kabla halijafunguliwa. Wewe andika."

Mpaka rangi akacheka. Akasema, "Viraka si viraka tu, mzee? Baiskeli gani haina?"

Nilieleza hivi. Tyubu hiyo niliivalisha mimi, miaka kumi na miwili iliyopita. Ina viraka saba, vyote vya mpira mwekundu. Mpira huo niliukata kwenye tyubu moja kuukuu ya lori aliyoniachia mzee aliyenifundisha kazi. Siku hizi tyubu zote ni nyeusi, na nyekundu sijaiona dukani miaka mingi. Viraka vyangu nakata duara, maana kiraka chenye kona huanza kubanduka kwenye kona. Napiga msasa eneo pana, napaka gundi, nangoja mpaka nikigusa haishiki kidole. Ndiyo maana naitwa Msasa, na ndiyo maana wenye haraka huniona mzembe.

Kiraka cha kwanza kiko karibu na valvu. Siku ile Taratibu alikaa kwenye debe langu akingoja gundi ikauke, akatoa mkate uliobondeka ambao hauuziki, tukagawana. Nusu ya kwangu alinipa kubwa. Tangu siku hiyo lile debe likawa lake. Mteja mwingine akitaka kulikalia nilimwambia lina mafuta. Alikuja hata asipokuwa na pancha, anakaa, ananitazama mikono, ananisimulia habari za nyumba zote za njia yake. Sijacheka tena namna ile.

Cha pili na cha tatu vinatazamana, kwa sababu mwiba mmoja uliingia upande huu ukatokea upande wa pili. Cha nne ndicho kiraka pekee cha mraba nilichowahi kukata maishani. Siku ile Taratibu alikuwa anampeleka shemeji hospitali, uchungu umeshamshika, na mpira ukaisha upepo mbele ya kibanda changu. Shemeji alikaa kwenye debe, ameuma kanga. Taratibu alinisimamia kichwani akisema, "Msasa, haraka! Haraka!" Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kulisikia neno hilo mdomoni mwake. Nilikata nilivyoweza na sikungoja gundi ikauke. Kona moja ya kiraka hicho imenyanyuka mpaka leo. Mtoto aliyezaliwa siku ile yuko darasa la tatu.

Cha tano na cha sita ni vya misumari ya kawaida. Cha saba kimepanda robo juu ya cha tano, na hapo ndipo tulipokosana. Nilimwambia, "Taratibu, hii si tyubu tena, ni viraka vimeshikana mikono. Nunua mpya."

Akasema, "Wewe ziba, maneno ya nini?"

"Nimeziba. Ikirudi hapa siizibi tena."

"Basi haitarudi."

Tulianza tukicheka wote wawili. Sijui nani aliacha kwanza. Alipanda baiskeli akaondoka, na hata siku ile ya hasira alikwenda pole pole. Ningetembea tu ningemfikia. Sikutembea. Hiyo ni mwaka mmoja na nusu uliopita. Baada ya hapo alikuwa akipita upande wa pili wa barabara. Kuna fundi mpya sokoni mwenye mashine ya upepo, na mimi nikajiambia kahamia kwake. Iliniuma sana. Nilikuwa mtu mzima wa kutosha kumfuata nyumbani, nikakaa na kiburi changu nikilitazama debe. Tulipokutana tena ilikuwa mazishini kwake, nami nilikaa nyuma.

Hapo afande aliniambia, "Mzee, viraka." Nikarudi kwenye viraka.

Saa 3:50 tairi lilifunguliwa uani, mbele ya afande, shemeji, mpaka rangi na mimi. Nililifungua mwenyewe kwa vyuma vyangu. Afande alihesabu na kuweka alama kwenye karatasi yake. Cha karibu na valvu kipo. Vinavyotazamana vipo. Cha mraba kipo na kona yake imenyanyuka vile vile. Vya misumari vipo, na cha saba juu ya cha tano. Kisha afande akageuza tyubu, na upande wa chini kulikuwa na kiraka kingine.

Mpaka rangi alipiga makofi. "Kasema saba, hivi hapa vinane! Huyu mzee anabahatisha!" Shemeji alijishika mdomo. Afande akaniangalia.

Nilisema kweli. Nilisema, "Hicho sikukiweka mimi." Na nilipolisema hilo niliona kabisa kwamba namponza shemeji.

Niliomba nikitazame. Kilikuwa chekundu. Upande mmoja umenyooka, pande nyingine zimepindapinda, kama aliyekata hakuwa na mazoea ya mkasi. Lakini msasa ulikuwa umepigwa eneo pana, na ukingo umechongwa ukawa mwembamba pande zote. Fundi wa sokoni hana muda wa kuchonga ukingo. Na mpira mwekundu, afande, mimi mwenyewe sina tena. Kipande changu cha mwisho, kirefu kama mkono, nilimpa Taratibu afungie kasha la mikate, kabla hatujakosana.

Nikamwambia shemeji, "Nipe ule mpira."

Aliufungua kwenye kasha lake. Una ndoano za waya ncha zote mbili, na katikati ukingoni pana pengo, kama mtu ameuma mkate. Shemeji akasema alidhani ni panya. Niliutandaza juu ya tyubu, nikalisogeza pengo mpaka kwenye kiraka. Likaingia. Kila pindo lilikaa mahali pake. Afande aliinama, akausukuma kidogo kwa kidole, akaurudisha, ukaingia tena. Mpaka rangi hakupiga makofi. Baadaye alisema aliinunua mwezi uliopita kwa mtu asiyemjua. Hayo ni yake, ataeleza mwenyewe.

Shemeji alisema, "Ni yeye. Alishinda uani siku nzima na beseni langu la kufulia. Nikamwambia peleka kwa fundi wa sokoni, utanimalizia sabuni. Akasema kazi ya Msasa haiguswi na mtu mwingine."

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia, shemeji?"

Akasema, "Nilidhani unajua."

Nililia. Afande aliona, na sioni haya iandikwe. Nilimpenda yule bwana kuliko ndugu zangu wa damu, na nilimnyima kiraka.

Afande amesema baiskeli atakabidhiwa shemeji leo, ila tyubu na ule mpira vibaki kituoni kwa ajili ya kesi. Saa 4:30 nilivalisha tyubu mpya niliyokuja nayo mfukoni. Mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikisema iwekwe mpya, na leo imewekwa. Ubishi nimeshinda, na sikufurahi hata kidogo. Kasha tumelifunga kwa kamba.

Nina ombi moja. Tyubu isitiwe kwenye mfuko kabla haijajazwa upepo na kuzamishwa majini. Afande anasema kesi haihitaji jambo hilo. Naihitaji mimi.

Hapa yanaishia ninayoyajua. Nimesomewa yote, ni maneno yangu, nami naweka sahihi bila kushurutishwa na mtu.

(Sahihi) Fundi Msasa

MAELEZO YA ASKARI: Nimeandika maelezo haya mwenyewe na kumsomea shahidi saa 6:25 mchana. Vielelezo: tyubu moja nyeusi yenye viraka vinane, mpira mmoja mwekundu wa kufungia mzigo, wenye pengo. Kwa ombi la shahidi, tyubu ilijazwa upepo na kuzamishwa kwenye karai la maji mbele yangu. Ilitoa mapovu kwenye kiraka cha nne na kidogo kwenye cha saba, vyote kazi ya shahidi. Kiraka cha nane hakikutoa povu hata moja. Shahidi aliomba tuangalie tena. Tuliangalia mara tatu.